Kanyagio la spidi linakaza bila kuguswa, na bawa linavuta kulia. Kosa liko kwenye hanesi au kwenye kamba?

KipepeoMzito

Wakuu, habarini za leo. Naomba msaada kwa wanaojua hanesi za paraglaida, yaani kiti na mikanda anayokalia rubani akining'inia chini ya bawa.

Hanesi ya shule niliyojifunzia nimeirudisha, sasa nina yangu. Imetumika lakini iko safi: kiti chenye ubao, parachuti ya akiba iko chini ya makalio na mshikio wake uko ubavu wa kulia. Bawa ni lile lile nililolizoea, daraja la usalama la EN B (A ndilo tulivu kuliko yote, D ndilo gumu), na uzito wangu uko katikati ya kiwango chake.

Shida iko kwenye mfumo wa spidi, yaani kanyagio la miguu linalovuta mbele ya bawa chini ili liende kasi. Aliyeniuzia aliniachia kanyagio na kamba zikiwa zimeshapitishwa, nami nikaunganisha ndoano kwenye raiza (mikanda inayopanda kutoka hanesi hadi kwenye nyuzi za bawa) nikaona kazi imekwisha. Angani naona mambo mawili.

La kwanza, nikijiandaa kutua, yaani nikitoka kwenye kukaa na kusimamia mikanda ya mapaja, kamba za spidi zinakaza zenyewe. Nikitazama juu naona raiza za A, yaani za mbele, zimeshuka kidogo. Kanyagio sijaligusa, limejikunja chini ya kiti linashikwa na mpira wake.

La pili, nikikanyaga nusu, bawa linaanza kuvuta kulia. Si kwa nguvu, lakini nikiliacha linageuka. Nikiachia kanyagio linanyooka.

Basi naomba kujua: kamba ziachwe na ulegevu kiasi gani? Mkanda wa kifua uwe na upana gani? Kuna mwenzangu kaniambia niufungue wote ndipo nitaisikia hewa. Na lini hasa nikanyage, maana darasani tulielezwa tu, hatukufanya kwa vitendo. Nawasilisha.

---

MwanaAnga

Ngoja waje wataalamu. Ila kwa akili yangu ndogo, fupisha kamba ya kulia mambo yaishe.

---

FundiKamba

Mkuu KipepeoMzito, usifupishe chochote kwanza. Na wewe MwanaAnga, mwenzako amekwambia kamba zinakaza bila kukanyagwa, halafu unamwambia azifupishe zaidi!

Mimi kazi yangu ni kushona na kukagua hanesi, na hili lako ninaliona mezani kila mara: mtu kachukua hanesi ya mwingine na kanyagio la mwingine. Kamba zile zilipimwa kwa miguu ya mwenye nazo wa kwanza, kwa mlalo wake, na kwa raiza za bawa lake. Wewe una miguu yako. Kwa hiyo mimi ningeanza na kiti, si kamba. Urefu wa kamba unategemea umekaaje, na ukirekebisha kamba leo halafu kesho ukabadilisha mlalo wa mgongo, umerudi ulikotoka.

Tafuta boriti imara au tawi linaloweza kukubeba, tundika hanesi kwa karabina zake zote mbili (zile pete zinazounganisha hanesi na raiza), zikiwa zimeachana kama zinavyoachana angani. Weka parachuti ya akiba ndani yake, vaa viatu vyako vya kurukia, weka na mzigo unaobeba siku zote nyuma. Hanesi tupu na hanesi yenye begi nyuma hazilali sawa. Kisha kaa.

Anza na mikanda ya mabega. Isikubane ukisimama, na ukikaa isilegee hadi ukaanguka nyuma. Halafu ya ubavuni, hiyo ndiyo inayoamua unalala kiasi gani. Wengi huilegeza sana kwa sababu kulala kunapendeza, lakini mtu aliyelala sana, bawa likimkunjikia upande mmoja na kuanza kuzunguka, mwili wake unachelewa kufuata na raiza zinasokotana. Kwa hanesi ya ubao kama yako, mgongo uegemee kidogo tu, mapaja yalale sambamba na ardhi au magoti yapande juu kidogo. Hakikisha kulia na kushoto viko sawa, na usiamini macho: chukua utepe wa kupimia, pima kutoka kwenye karabina hadi kwenye kona ya ubao, pande zote mbili. Umesema ukiachia kanyagio bawa linanyooka, kwa hiyo sidhani kama mikanda ndiyo inayokuvuta kulia, ila pima tu, ni kazi ya dakika.

Mkanda wa kifua: pima kutoka katikati ya karabina moja hadi katikati ya nyingine ukiwa umekaa. Fungua kitabu cha bawa lako, utakuta kipimo kilichotumika kwenye majaribio. Kwa EN 926-2, kiwango cha kujaribia mabawa, upana huo hufuata uzito wa rubani na vifaa vyake, na kwa mabawa ya kawaida utauona kati ya sentimita 40 na 48. Weka hicho hicho. Herufi B iliyoandikwa kwenye bawa lako ilipatikana kwa kipimo hicho. Ukiufungua wote kama alivyokwambia mwenzako, ni kweli utaisikia hewa zaidi na uzito wa mwili utageuza bawa kwa wepesi. Lakini siku nusu ya bawa ikikunjika, utaangukia upande huo huo uliokunjika, na mzunguko utakuwa mkali zaidi. Ukiubana mno nako unakaribisha raiza kusokotana. Haya si mambo ya ladha ya mtu.

Sasa kamba. Ukiwa bado umening'inia, mwombe mtu asimame kwenye kiti azishike raiza juu zikiwa zimenyooka, ndoano zimeunganishwa. Hapa hutasikia uzito halisi, kwa kuwa raiza hazijabeba kitu, lakini vipimo vya kamba utaviona vyote.

Wengi hupima mwisho wa mguu: wananyoosha miguu, wanaona puli (vigurudumu vya kupitishia kamba) za kwenye raiza zimegusana, wanafurahi, wanakwenda kuruka. Hicho ni kipimo cha pili. Cha kwanza ni kanyagio likiwa limepumzika. Lirudishe kabisa chini ya kiti linapokaa wakati wa kuruka na kutua, mpira wake ukiwa umelivuta. Halafu inuka, simamia mikanda ya mapaja kama unayetaka kutua. Katika mkao huo umbali kutoka karabina hadi puli ya hanesi unaongezeka, na kamba inabidi izunguke chini ya ukingo wa ubao kulifuata kanyagio. Kwa hiyo inakula urefu mwingi kuliko ukikaa. Ndicho kinachokupata wewe. Kukaa kwako kunazificha kamba fupi, kusimama kunazifichua. Katika mkao huo wa kusimama, kamba kati ya ndoano na hanesi iwe imelegea kiasi cha kupitisha vidole vyako vinne bila kubanwa. Mimi hivyo ndivyo ninavyowapimia watu. Raiza ya A isitikisike hata kidogo.

Raiza ya A ikishuka yenyewe wakati wa kutua maana yake unaisogelea ardhi na bawa lililoongezwa mwendo, pembe yake kwa upepo imepungua, nawe una mkono kwenye breki, kamba zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Hilo tu linatosha kukuweka chini mpaka ulitengeneze.

Ukimaliza hapo ndipo unyooshe miguu. Magoti yakiwa yamekaribia kunyooka, puli ya juu na ya chini kwenye raiza zigusane au zibakize kidogo sana. Zikigusana mapema huku magoti bado yamepinda, ongeza urefu. Zikibakia mbali na miguu imekwisha, usikimbilie kufupisha, maana utaua ule ulegevu uliouweka. Kuna dawa yake, nitaisema mtu akiuliza.

Kuhusu kuvuta kulia. Bawa hugeukia upande uliochelewa. Kwa hiyo kulia kwako A haishuki sawa na kushoto: ama kamba ya kulia ni ndefu, ama kuna kitu kinaibana. Zivue kamba zote mbili, zilaze mezani, zivute kwa nguvu sawa na uzipime. Tazama mafundo. Kamba hizi mara nyingi ni za Dyneema, uzi wa plastiki wenye nguvu sana, na uzi huo unateleza vibaya. Fundo la kawaida lisilokazwa vizuri hutambaa kidogo kidogo kila ukikanyaga. Acha mkia mrefu, kaza fundo kwa uzito wa mwili wako mzima, kisha weka alama ya kalamu ya wino usiofutika pale mkia unapotoka kwenye fundo. Alama ikizama ndani ya fundo, limetembea.

Zikiwa sawa kwa urefu, zibadilishe pande: ya kulia iende kushoto. Kosa likihamia kushoto, kamba ndiyo mbaya. Likibaki kulia, tazama hanesi: puli imekwama mchanga, au kamba imepita upande usio wake wa mkanda wa ubavu, au ndoano imeunganishwa ikiwa imejizungusha kwenye raiza. Na kama chini kila kitu kiko sawa lakini angani bado inavuta, basi mguu wako mmoja unasukuma kuliko mwenzake, au bawa lenyewe linataka kupimwa kamba zake. Hilo la mwisho mpelekee mkaguzi.

La kumalizia, na hili silipunguzi uzito. Parachuti yako iko chini ya makalio na mshikio uko kulia, kule kule kunakokusumbua. Ukimaliza kupitisha kamba, ukiwa umening'inia na miguu iko kwenye kanyagio lililokanyagwa hadi mwisho, vuta parachuti ya akiba kwa mkono mmoja mpaka itoke nje yote. Kamba ya spidi isipite juu ya mfuniko wala isishike mshikio. Kama hujui kuikunja tena, fanya mbele ya mtu anayejua. Parachuti hiyo na hanesi hiyo lazima zijaribiwe pamoja hata kama kila moja ina cheti chake: hanesi ina EN 1651, parachuti ina EN 12491, wala hakuna cheti kati ya hivyo kinachosema kwamba mkono wako utaweza kuitoa hii kutoka ndani ya ile.

---

MwanaAnga

Nimenyooshwa. Nafuta kauli, Fundi.

---

KipepeoMzito

Fundi, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza, nimetundika hanesi, kaka yangu kanishikia raiza.

Mkao wa kusimama: hata kidole kimoja hakipiti. Kamba zote mbili zimekaza kama waya. Kwenye mkanda wa kifua nilikuwa nimeachia sana kuliko kitabu kinavyosema, nimeurudisha.

Na kulia nimeona kitu. Kamba ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto kwa upana wa vidole viwili, mkia wake kwenye fundo umebaki mfupi sana. Juu ya hapo inapita nje ya mkanda wa ubavu wakati ya kushoto inapita ndani. Nikikanyaga, mkanda unaikunja kamba kabla haijaifikia puli. Nimepiga picha ila inatosha kueleza.

Swali: hilo la mkanda na lile la fundo, lipi hasa lilikuwa linavuta? Na mimi ni mfupi. Nikiongeza urefu ili nipate vidole vinne, nikinyoosha miguu puli zinabakia mbali, karibu nusu ya mwendo. Ile dawa uliyoiahidi ni ipi?

---

FundiKamba

Marahaba. Yote mawili yalikuvuta, kila moja kwa sehemu yake, wala huna haja ya kujua lipi zaidi. Pitisha kamba ndani kama ya kushoto, funga mafundo upya pande zote mbili kwa kamba mpya, pima.

Dawa ya ufupi ni kanyagio la ngazi mbili. Ujue kwa nini unaishiwa miguu: puli za kwenye raiza zinapunguza uzito, na kila kinachopunguza uzito kinaongeza safari. Tuseme A inashuka sentimita 15 na puli zinagawa uzito kwa tatu, basi kanyagio litasafiri sentimita 45. Mtu mrefu anazimaliza kwa kunyoosha miguu mara moja, mfupi anaishia njiani. Ngazi mbili inakupa kipande cha mbali na kipande cha karibu kwenye kamba zile zile. Unaanza na cha mbali, unanyoosha miguu, unapata nusu. Unakishikilia kwa mguu mmoja, mguu wa pili unakitafuta kile cha karibu na kiti, unausogeza na wa kwanza, unanyoosha tena. Ulegevu wako unabaki salama na mwisho wa spidi unaufikia.

Chagua chenye kipande cha mbali kigumu, kisiwe utepe laini mtupu. Utepe laini ukikanyagwa unajikunja kwenye soli, na kuutafuta kwa kisigino ukiwa hewani ni mateso. Mazoezi ya kubadilisha mguu yafanyie pale pale kwenye boriti ukiwa umefumba macho. Angani hutakiwi kuinamisha kichwa kutafuta miguu yako iko wapi.

Swali la lini kukanyaga nawaachia wanaoruka masafa. Mimi nikiruka, naruka jioni hewa ikiwa imelala.

---

TiaraNyekundu

Kipepeo kaka, nimesoma uzi wote, Fundi kamaliza upande wa vifaa. Mimi naruka masafa, ngoja nikujibu hilo la kukanyaga.

Elewa kwanza unachokifanya. Ukikanyaga, A inashuka sana, B inashuka kiasi, za nyuma zinabaki pale pale. Bawa zima linainamisha pua. Bawa la daraja lako bila breki wala spidi linakwenda karibu kilomita 37 au 38 kwa saa, ukikanyaga hadi mwisho litafika 48 au 50 hivi. Faida ni hiyo. Gharama ni kwamba unashuka haraka zaidi, na ukingo wa mbele sasa uko karibu zaidi na kukunjika. Likikunjika ukiwa na spidi, linakunjika eneo kubwa na kwa ghafla. Daraja la EN linapimwa na hilo pia, bawa hukunjwa makusudi likiwa limekanyagwa, kwa hiyo soma ripoti ya bawa lako, usisome herufi tu.

Nakanyaga wapi? Nikiwa nakwenda kinyume na upepo na nikaona ardhi chini haisogei. Nikiwa naivuka hewa inayoshuka kati ya hewa moja inayopanda na nyingine, maana kukaa ndani yake kwa mwendo wa pole ni kupoteza kimo bure. Na nikiwa naondoka kwenye wingu linalonivuta juu. Hapo nakunja masikio ya bawa, yaani ncha zake mbili, kwanza, ndipo nakanyaga. Masikio yakikunjwa pembe ya bawa inaongezeka, kanyagio linairudisha. Nikimaliza, naachia kanyagio kwanza, masikio baadaye.

Sikanyagi karibu na ardhi, sikanyagi nyuma ya mlima upepo unapojipindua, wala sikanyagi eti kwa kuwa mwenzangu kaniacha nyuma. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza watu wengi niliowaona wakikunjikiwa.

Sasa mikono, maana hapa ndipo wanaotoka shuleni hukosea. Shuleni umefundishwa kuwa na breki kidogo muda wote ili ulisikie bawa. Ukikanyaga, breki achia zote. Kama umezungusha kamba ya breki mkononi, izungulue kwanza. Kuvuta breki huku umekanyaga ni kuliambia bawa mambo mawili kwa wakati mmoja: ukingo wa nyuma unakunjwa, wa mbele umeinamishwa, na bawa linapoteza umbo lililotengenezwa kulinda spidi. Unaongoza kwa uzito wa mwili na kwa raiza za nyuma. Shika raiza ya nyuma juu kidogo ya mshikio wake, vuta kwa vidole, kidogo mno. Bawa likitaka kuchomoka mbele yako unavuta pande zote mbili, likirudi unaachia. Ukishazoea utaona bawa linatembea kama mtu anayeshuka ngazi bila kutazama chini.

Miguu iwe na masikio. Kanyagio likiwa na uzito sawa chini ya soli, bawa limejaa. Likiwa jepesi ghafla, hata kidogo, ukingo wa mbele umelegea, na una muda mdogo sana. Unaachia miguu hapo hapo, kabla ya kuwaza, kabla ya kugusa breki. Ndiyo maana siku zote nakanyaga polepole, robo, nasikiliza, nusu, nasikiliza, lakini kuachia kuna mwendo mmoja tu. Likikunjika nawe bado umesimama juu ya kanyagio, bawa litaendelea kupiga mbizi wakati wewe unalitaka lirudi. Miguu kwanza, halafu uzito upande ulio mzima, halafu breki kama inahitajika.

Kwa kuanzia: hewa tulivu, kimo kingi chini yako, mwalimu kwenye redio. Robo ya mwendo, achia, tazama juu. Rudia mpaka miguu ijue njia. Hizo ngazi mbili za Fundi ziache kwanza, tumia ya kwanza tu mpaka uone kuachia kumekuwa jambo la mguu wenyewe.

---

MwanaAnga

Dada Tiara, mimi kanyagio linanisumbua nikikimbia kuondoka. Linaning'inia mbele ya magoti, juzi limenasa kiatu nikaangukia goti. Nikalifunga kwa mpira mkali wa pili ili likae chini ya kiti. Vibaya?

---

TiaraNyekundu

Si vibaya kulirudisha chini ya kiti, ila huo mpira mkali wa pili angalia usije ukavuta kamba za spidi. Ni hadithi ile ile ya Kipepeo ikiingilia mlango mwingine. Ukimaliza kuufunga, simamia mikanda ya mapaja, tazama raiza za A. Na ujaribu kulitoa kwa kisigino ukiwa umening'inia. Kama unahitaji mkono kulitoa, angani hutalitoa, au utalitoa ukiwa umeachia breki mahali ambapo hukutakiwa kuziachia.

Na kabla ya kukimbia, ukishajifunga, lione kanyagio lilipo. Bawa likiwa limetandazwa, kanyagio lililolegea hupenda kunasa nyuzi za bawa pale unapogeuka.

---

FundiKamba

Naongezea hapo kwa Tiara. Wakati wa kukagua kabla ya kuruka, watu huanza na mkanda wa kifua kwa sababu uko mbele ya macho, halafu wanadhani wamemaliza. Anza na mikanda ya mapaja. Mtu aliyesahau kifua anaweza bado kukaa kwenye hanesi, aliyesahau mapaja anabaki ananing'inia kwa kwapa. Ndoano za spidi ziunganishe mwisho, baada ya raiza kuingia kwenye karabina na kufungwa, na uangalie hazijajizungusha. Ndoano zile zikiwa hazina mvuto hujiachia zenyewe. Kipande kifupi cha mpira juu yake kinazituliza. Ikiachia moja ukiwa umekanyaga, nusu ya bawa inakimbia na nusu imebaki.

---

KipepeoMzito

Asanteni sana wote. Ngazi mbili nimepata, kamba mpya nimefunga, vidole vinne vinapita pande zote mbili nikisimama, na nikikanyaga ngazi ya pili puli zinagusana. Parachuti tumeitoa nikiwa nimekanyaga hadi mwisho, imetoka bila kushika popote, mwalimu akaikunja upya.

La mwisho: mikia ya kamba imebaki mirefu, inapepea. Niikate na kuichoma mwisho isifumuke?

---

FundiKamba

Usikate bado. Vipimo vya kwenye boriti ni vya kuanzia tu, kwa kuwa pale raiza hazikuwa na uzito. Ruka kwanza hewa ikiwa tulivu, kaa, simama, kanyaga ngazi ya kwanza, na kila mara tazama juu. Mara nyingi unakuta kiti kimelala zaidi kidogo kuliko ulivyodhani na unahitaji kusogeza fundo. Ukishakata huwezi kurudisha. Kwa sasa ifunge mikia kwenye kamba yenyewe kwa uzi wa kushonea.

Fundo likitulia, yaani alama ya wino haijasogea hata baada ya kuruka tena na tena, ndipo ukate. Acha mkia wa urefu wa kidole kizima. Na usichome. Dyneema inayeyuka kwa joto dogo kuliko nailoni, moto ukipanda kidogo tu juu ya mkia unagusa fundo, na fundo lililoguswa na moto halionekani kuwa bovu hadi likatike. Shona mwisho wake kwa uzi, pitisha sindano mara kadhaa, kaza, kata.